Tapeti za Mama Mkwe

"Mama, hii injini haitafunguliwa mpaka Yesu arudi."

Abner Onchiri alisema maneno hayo akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya tangi la mafuta, mbele ya watu waliokuja Sironga kuombea pikipiki mpya ya mama mkwe wake. Hakuna aliyekuwa amempa nafasi ya kuzungumza. Mzee Masese, mzee wa kanisa, ndiyo kwanza alikuwa amesema amina, na watu walishaanza kutazama upande wa jikoni kulikotoka harufu ya kuku. Mzee Masese akavua miwani.

"Na akirudi kesho?"

"Ataikuta imefungwa, mzee."

Watu wakacheka. Hata mama mkwe, Eucabeth, akacheka, naye ni shemasi na si mtu wa kucheka ovyo mbele ya mkwe. Huku Kisii, mkwe na mama mkwe wanatenganishwa na chinsoni, ile heshima ya kutotazamana usoni, kwa hiyo alicheka akiwa amegeukia migomba. Lorna peke yake ndiye hakucheka. Huyo ni binti ya Eucabeth, mke wa Abner, na alikuwa mlangoni na mtoto wao Maureen kiunoni. Alisimama mlangoni kama mwenyeji, maana alikuwa ameshahamia hapo kwa mama yake tangu mahindi yalipokuwa magotini, na sasa yalikuwa ghalani.

Kwa hiyo Abner aliposema injini, macho yake hayakuwa kwenye injini.

Karakana yake iko Keroka, kando ya barabara kuu, kati ya mwuza mitumba na mama wa uji. Kazi inayomlisha ni pikipiki, na katika pikipiki kitu anachokipenda kuliko vyote ni tapeti. Tapeti, kwa ambaye hajawahi kufungua kifuniko cha injini, ni nafasi nyembamba kama karatasi kati ya vali na kile kinyundo kinachoigonga ili ifunguke. Nafasi ikizidi, injini inapiga kelele kama cherehani ya zamani. Nafasi ikiisha, injini inanyamaza, mwenye pikipiki anafurahi, na ndani huko vali haifungi mdomo vizuri tena. Moto unapita pembeni. Vali inaungua taratibu huku mwenyewe akisifu ukimya.

Mafundi wengi hapo Keroka wanaseti tapeti kwa sikio. Bodaboda hana subira ya kungoja injini ipoe, basi inaguswa ikiwa moto hivyo hivyo, spana inazunguka, kelele inaisha, mteja anaondoka akishukuru. Abner aliwadharau wote. Kwake pikipiki ililetwa asubuhi ikisukumwa, baridi kama ugali wa jana, naye alipima kwa filageji, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyoingizwa kwenye nafasi kujua upana wake. Kisha alifuta mikono, akatoa simu, akaandika kwenye jedwali la ekseli.

Hilo jedwali alijifunza katika darasa la kompyuta la miezi mitatu, juu ya duka la mbolea, na toka hapo dunia haikumshinda tena. Kila pikipiki ilikuwa na mstari wake: mita inasoma ngapi, vali ya hewa nafasi ngapi, vali ya moshi nafasi ngapi, na kilomita zilizobaki kabla ya kurudi kupimwa. Rangi zilijibadilisha zenyewe. Kijani, tulia. Njano, jiandae. Nyekundu, usinijie ukilia. Wateja walipenda. Wapo walioomba waonyeshwe tu mstari wao, kama mtu anayeomba kuonyeshwa matokeo ya mtoto ubaoni.

Shida ni kwamba jedwali lilimpanda Abner kichwani. Lorna alipomwambia paa linavuja juu ya kitanda cha Maureen, alimwuliza lilianza lini. Alipomwambia mgongo unamwuma, alimwuliza ni mara ngapi kwa wiki. Si kwamba hakujali. Alijali kuliko wanaume wengi wa Keroka, ila alijali akiwa ameinamia simu. Halafu siku moja Lorna akaomba simu hiyo apige kwao, akakuta ukurasa wa pili. Juu umeandikwa: Safari za Mama Maureen. Chini yake, siku ya kwenda kwao, siku ya kurudi, sababu aliyotoa.

Abner alijitetea kwamba alitaka tu kujua huwa anachoka nyumbani baada ya muda gani, ili siku hizo zikikaribia amnunulie hata samaki.

"Kwa hivyo mimi pia ni tapeti," Lorna alisema.

"Mama Maureen, si hivyo."

Lorna akafunga nguo zake na za mtoto. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Andika na hii. Upande wa kurudi uache wazi."

Na Abner, Mungu amsaidie, aliandika. Upande wa kurudi akauacha wazi kama alivyoambiwa.

Basi pikipiki ya mama mkwe ilipokuja, aliiona kama mlango umefunguliwa nusu. Eucabeth aliinunua kwa bonasi ya majani chai, akampa kitinda mimba wake, Duke, aiendeshe kati ya Nyamira na Keroka na kumletea hesabu jioni. Fundi wa kuitazama alikuwa mmoja tu ukoo mzima. Ndiyo maana Abner aliruka akaapa kwa jina la Bwana hata kabla kuku hajaiva. Kila alipokwenda Sironga kupima tapeti alipata kunywa chai uani, kumbeba Maureen, na kusikia sauti ya Lorna jikoni. Siku nyingine chai ililetwa na Lorna mwenyewe. Siku moja alileta na viazi.

Ilikuwa siku ya viazi ndipo Eucabeth, akiwa amekaa upande wa mgongo wake kama heshima inavyotaka, alipouliza swali.

"Baba Maureen. Hiyo simu yako inaweza kujua kama pikipiki imepumzika Sabato?"

Mtu mwenye akili angeomba maji ya kunywa kwanza. Boma la Eucabeth, jua likizama Ijumaa, hata panga linapumzika. Na Jumamosi ndiyo siku bodaboda Msabato anayoumia zaidi, maana wenzake wote wako kanisani na barabara imejaa abiria wasio na wa kuwabeba. Duke alikuwa amesimama pale pale akiosha pikipiki. Alimtazama shemeji yake kwa macho ya kuomba. Abner hakuyaona. Alishaingiza mkono mfukoni.

"Mama, hii inaweza kujua hata kama pikipiki imeota ndoto."

Akaongeza safu mbili: mita Ijumaa jioni, mita Jumapili asubuhi. Duke akapewa kazi ya kupiga picha ya mita nyakati hizo na kuituma kwenye grupu ya familia, na Abner akawa anatuma jedwali zima kila Jumapili, watu wote walione, hadi shangazi mmoja aliye Nairobi ambaye hajawahi kupanda pikipiki. Namba ya Ijumaa na ya Jumapili zikawa zinalingana kila wiki. Eucabeth akajibu kwa alama za mikono iliyofumbatwa. Mzee Masese akaonyeshwa baada ya ibada, akasema teknolojia nayo inaweza kuokoka.

Wiki zikaenda. Siku moja Abner akaingiza filageji kwenye vali ya moshi, ikakataa kuingia. Akajaribu kipande chembamba zaidi. Kikaingia kwa shida. Kwa kilomita zilizokuwa kwenye mita, nafasi ile ilitakiwa iwe karibu vile vile alivyoiacha. Alikaa juu ya debe, akatazama injini, akatazama simu. Kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa na makosa, na jedwali lilikuwa kijani.

Akaamua filageji imeisha.

Alikwenda dukani kwa Abdirahim, mwuza spea wa hapo Keroka, kijana aliyerithi duka kwa baba yake na mdomo kwa mama yake, kuulizia filageji nyingine.

"Hii imefanya nini?"

"Imechakaa. Haipimi sawa."

Abdirahim aliikunjua chini ya taa, kipande kimoja kimoja. "Abner ndugu yangu. Hii inapima hewa. Hewa imeimaliza vipi?"

"Nipe tu nyingine."

Akapewa. Akarudi Sironga, akaseti tapeti upya, vizuri kabisa, injini ikiwa baridi, mkono ukiwa mtulivu. Hakuna fundi wa pande hizo ambaye angeiseti vizuri zaidi. Kisha akaandika kilomita zilizobaki, mstari ukawa kijani kibichi, na akaona hana haja ya kuifungua tena karibuni.

Alipokuwa anatoka siku hiyo, Lorna alimsindikiza mpaka langoni. Hilo lilikuwa halijatokea tangu aondoke nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha, na Duke alikuwa ameegesha pikipiki chini ya parachichi. Lorna akaionyesha kwa kidevu.

"Angalia ile tairi ya nyuma."

"Imefanya nini?"

"Imeisha. Ni ile iliyokuja nayo. Duke anafanya kazi kuliko simu yako inavyosema. Mama anapanda hicho kitu, Baba Maureen. Kifungue tena, usingoje."

Alisema polepole, bila ugomvi, vile mtu anavyomwambia mwenzake wa nyumba moja. Abner alifurahi sana kuitwa Baba Maureen kwa sauti ile hata akasahau kusikiliza yaliyofuata. Akamwonyesha simu.

"Bado sana. Ona. Kijani. Tairi ni hizi barabara za kokoto tu."

Lorna hakuitazama simu. Alimtazama yeye kidogo, akafunga lango.

Mwezi uliofuata kila kitu kilionekana kunyooka. Duke alipita karakana akiwa na furaha isiyo ya kawaida. "Shem, uliifanyia nini? Imenyamaza kabisa. Siku hizi abiria wanaulizana kama iko on." Mtu aliyekuwa akiwaambia wateja kila siku kwamba tapeti inayolia kidogo ndiyo tapeti hai alisikia sifa hiyo, akaimeza kama asali, akarudi kwenye kazi yake. Jioni Eucabeth akatuma neno kupitia Duke huyo huyo: Jumapili ana mkutano wa akina mama wa Dorkasi huko Nyanchwa. Pikipiki itampeleka na kumrudisha. Na Jumatatu, pikipiki hiyo hiyo itamleta Lorna na mtoto Keroka. Lorna mwenyewe amekubali. Begi limefungwa.

Abner aliziba paa. Alipanda na ngazi ya jirani, akagongelea mabati mapya juu ya kitanda cha Maureen, akamwaga ndoo nzima ya maji kujaribu, kitanda kikabaki kikavu. Alifagia. Alinunua samaki. Jumapili alikuwa anatafuta sufuria kubwa simu ilipolia.

"Shem," Duke alisema, na nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi wakitoa ushauri. "Imezima."

"Imezima wapi?"

"Huku Nyanchwa, kwa mlima. Ilianza kukosa nguvu huko chini, nikabadilisha gia, nikabadilisha tena, ikapiga chafya, ikalala. Sasa haitaki kabisa. Nikikanyaga ile kiki inashuka tu, laini, kama nakanyaga matope."

Abner alikaa kitandani. Kiki ikiwa laini, hakuna pumzi ndani. Hakuhitaji kuuliza zaidi, ila aliuliza.

"Na mama?"

"Mama amepanda na miguu."

Amepanda na miguu, shemasi wa miaka sitini na kitu, kwa gauni jeupe na viatu vya ibada, na chupa ya chai mkononi, mlima ule ambao hata vijana wa shule wanasimama katikati wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Alifika wakati mkutano ulikuwa kwenye maombi ya kufunga. Alifumba macho pamoja na wengine, akasema amina, akaanza kushuka.

Pikipiki ilirudishwa Sironga nyuma ya pikapu ya mtu wa ndizi. Abner aliikuta uani Jumatatu asubuhi, na habari zilikuwa zimeshamtangulia, maana ua ulikuwa na watu kuliko siku ya kuiombea. Wengine walikuja na viti vyao. Mlangoni kwa Eucabeth palikuwa na begi la kahawia, na juu yake koti dogo la Maureen la mvua. Abner aliliona begi kabla hajaiona pikipiki.

Alitandika gunia, akapanga spana, akaanza kulegeza boliti. Mzee Masese alipita langoni akiegemea mkongojo, akasimama.

"Leo nimeamka nikatoka nje mapema," alisema kwa sauti ya mimbari. "Nimetazama mashariki. Sijaona wingu lolote."

Kwa heshima hakuna aliyecheka waziwazi. Walicheka wakiwa wameziba midomo, na hiyo iliuma zaidi. Abner aliinamisha kichwa na kuendelea. Injini ilifunguka. Vali ya moshi ikatoka, na kwenye ukingo wake palikuwa pameliwa, pengo jeupe lenye kingo za moto, kama kitambaa kilichoachwa chini ya pasi. Akaishika kwenye mwanga. Aliijua hiyo sura. Vali ya kilomita za jedwali lake haifiki hapo, hata ukiitukana.

Ndipo alipoinuka, akaenda mbele ya pikipiki, akalinyanyua gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono huku akitazama mita. Gurudumu likazunguka. Mita ikakaa kimya. Akafuata waya wa mita kwa kidole mpaka chini, karibu na ekseli ya gurudumu, na pale mwisho wake ulikuwa umechomolewa, ukafungwa kwa nailoni ya mkate na mpira, usafi mtupu, usiingie vumbi.

"Duke."

Duke alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume kuelekea migombani. "Shem, ningefanyaje? Wewe ndiye ulitangaza vitu vya Sabato kwa grupu. Nilikuwa nachomoa Ijumaa, narudisha Jumapili. Halafu siku zingine nasahau. Halafu nikaona mama anapiga hesabu ya pesa na kilomita, nikaanza kusahau makusudi. Nilikuwa narudisha Alhamisi, isikae kama imekufa."

"Duke!" Hiyo sasa ilikuwa sauti ya Eucabeth, na ilitoka jikoni bila kujali chinsoni ya mtu yeyote. "Sabato? Sabato zote?"

"Si zote, mama. Ya Meza ya Bwana nilikuja."

Kelele zikazuka. Mzee Masese akakaribishwa kiti, maana sasa kulikuwa na kazi yake. Watu wakamgeukia Duke, kila mtu na lake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuna aliyemtazama Abner. Yeye akaiokota vali pale kwenye gunia. Haikuwa kosa lake. Alipima sawa, akaseti sawa, akaandika sawa. Alimtafuta Lorna kwa macho, akamkuta mlangoni kando ya begi, Maureen amemshika gauni. Akamwendea na vali mkononi, uso umemwangaza kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mama Maureen, umeona? Jedwali halikuwa na makosa. Ni mita ilikuwa inadanganywa."

Lorna aliitazama ile vali. Aliichukua, akapitisha kidole kwenye pengo.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia nini?"

"Langoni. Nilikuambia uangalie tairi. Nilikuambia Duke anafanya kazi kuliko hiyo simu. Nilikuambia ufungue."

Alikumbuka. Hapo hapo alikumbuka yote: mvua, parachichi, kidevu chake kikielekeza, jina alilomwita. Maneno ya kujibu alikuwa nayo, na yalikuwa mafupi, na begi lilikuwa bado limefungwa. Lakini mkono wake haukungoja maneno. Ukashuka wenyewe, mweusi kwa oili, ukaingia mfukoni.

"Ngoja," alisema. "Hiyo ilikuwa tarehe ngapi?"

Lorna hakumpigia kelele. Heri angepiga. Alimrudishia vali, akamwekea vizuri kiganjani kama mtu anayerudisha chenji. Akaliondoa lile koti dogo juu ya begi, akalitundika msumarini. Kisha akaliinua begi na kuingia nalo ndani, na Maureen akamfuata akiuliza, "Mama, hatuendi?" na jibu lilitolewa huko huko ndani, halikusikika uani.

Abner alibaki amesimama na simu imewaka mkononi. Nyuma yake Mzee Masese alikuwa anamwuliza Duke kama anajua amri ya nne inasema nini, na Duke alikuwa anajua, anaisema yote bila kukosea.

Eucabeth akatoka jikoni. Alisimama akitazama migomba.

"Baba Maureen."

"Mama."

"Maliza kazi ya pikipiki. Hayo mengine mimi sitaki kuyaingilia."

Abner akafunika injini kwa gunia isiingie vumbi, akapakia spana, akashuka mpaka barabarani kungoja gari la Keroka, akatafute vali nyingine. Samaki alikuwa bado kwenye beseni nyumbani. Abdirahim alimwona akivuka barabara, akamwona usoni, akaiweka pembeni mizaha yote aliyokuwa ameiandaa.

"Ya hewa au ya moshi?"

"Ya moshi."

Vali ya moshi, pale kwa Abdirahim, ni shilingi mia tano na hamsini.